Tairi Haliliki Bila Sababu

Matrela yapitayo kati ya Thika na Ruiru huchukua mizigo ya kila namna: nanasi, kahawa, saruji, na mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Ndarugo. Barabara kuu iliyofunguliwa mwezi wa Novemba, 2012, ni njema, lakini safari nyingi huanzia machimboni na katika njia za mashamba, ambako trela huyumba na kugonga mawe. Basi si ajabu kuona tairi moja limekuwa kipara huku jirani yake likiwa zima.

Hapo wenye magari wengi humlaumu muuza matairi, hununua jingine, na kulifunga mahali pale pale. Baada ya miezi michache hilo nalo limekwisha. Fedha imepotea mara mbili, na ugonjwa haujatibiwa.

Tairi humwambia kweli mtu ajuaye kulisoma. Likilika kingo zote mbili na katikati kubaki nzima, upepo haukutosha au mzigo ulizidi. Likilika katikati tu, upepo ulizidi. Ukingo mmoja ukilika, yafaa kushuku ekseli iliyopinda au beringi zilizolegea. Baka moja bapa ni alama ya breki iliyokamata gurudumu likaburutwa. Tena dereva apitishe kiganja juu ya tairi, akienda na kurudi. Kama upande mmoja ni laini na upande wa pili wakwaruza kama msumeno, ekseli haikukaa sawa na mwendo wa trela.

Jambo hilo laweza kupimwa bila mtambo wa bei kubwa. Trela liegeshwe mahali tambarare, kisha fundi apime kwa utepe wa chuma toka pini ya mbele, ile inayoliunganisha na gari linalolivuta, hata kila mwisho wa ekseli ya kwanza. Vipimo viwili hivyo visitofautiane zaidi ya milimita 3. Vikitofautiana, atazame springi, bushi na boliti zinazoishika ekseli kabla ya tairi jipya kufungwa.

Matairi pacha yana hatari yao. La ndani halionekani upesi, na likikosa upepo mwenzake hubeba mzigo wa mawili, hupata moto na kupasuka. Kuligonga kwa nyundo hakutoshi. Upepo upimwe kwa kipimo asubuhi, matairi yakiwa baridi.

Kadhalika mzigo usilemee upande mmoja. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki huruhusu tani 24 juu ya ekseli tatu zinazofuatana, wala si zaidi.

Dalili ya mvua ni mawingu. Tairi linalolika vibaya hutoa onyo siku nyingi kabla halijapasuka, na likipasuka katikati ya matatu na pikipiki za Ruiru, hasara haimwangukii mwenye trela peke yake.