Mume Wangu Hanywi Chai

Mwezi huu nilipanga kuwaletea stori ya utalii wa mashamba ya chai, basi. Nimerudi na stori ya mume wangu. Kaeni vizuri.

Tuna miaka minne ya ndoa, na miaka yote hiyo baba mwenye nyumba hagusi chai. Asubuhi ni uji. Tukienda ugenini akipewa kikombe anakizungusha mkononi mpaka kinapoa. Nikajua ni mambo ya tumbo. Kilichokuwa kinaniuma ni kingine: hataki kunipeleka kwao Tukuyu. Tulikwenda mara moja tu, kwenye msiba, tukalala usiku mmoja. Mashosti wakaanza maneno: "Chunguza, huko kuna mtoto." Na mimi kwa ujinga wangu nikapekua simu yake. Mtoto sikumkuta. Nilikuta pesa anazomtumia mama yake kila mwezi, na meseji za mama zisizojibiwa: "Unakuja lini?"

Basi nikatumia ujanja. Nikakata tiketi mbili za ndege mpaka Songwe, nikamwambia tunakwenda kutalii kama watalii wengine, siyo nyumbani. Alinuna mpaka Uyole. Baada ya hapo barabara inapanda, baridi inaingia, unapita viazi vya Isongole, halafu ghafla kijani kitupu: migomba na chai mpaka jicho linachoka. Tukuyu inapata mvua zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, na chai inapenda hivyo. Wajerumani waliijaribu Rungwe mwaka 1904, miaka miwili baada ya Amani kule Usambara. Wakulima wadogo wenyewe waliingia kwa wingi miaka ya 1960.

Kijana aliyetutembeza alianza na somo. Kumbe ule mchai si kichaka! Ni mti kabisa, ukiuacha unapita paa la nyumba. Unabaki kiunoni kwa sababu unachumwa na kukatwa kila wakati. Chai nyeusi, ya kijani, nyeupe, zote ni mmea mmoja, tofauti ni namna ya kuitengeneza. Unachuma majani mawili na chipukizi lake, basi. Na ili upate kilo moja ya chai kavu, unahitaji kama kilo nne na nusu hivi za majani mabichi.

Nikavaa kapu mgongoni, nikaanza. Nachuma moja, napiga picha. Nachuma jingine, nang'oa na kijiti. Mume wangu akavumilia kidogo, kisha akasogea. "Siyo hivyo." Mikono yake miwili ikaanza kwenda juu ya mchai kama mtu anayepiga kinanda, hata hatazami. Kijana akashangaa: "Bro, umejifunzia wapi?"

Akanyamaza. Halafu akasema, akiangalia kapu na siyo sisi. Tangu darasa la tatu alikuwa anachuma na mama yake alfajiri kabla ya shule. Utomvu wa chai ulimpaka vidole weusi usiotoka kwa sabuni, na alipofika sekondari ya bweni wenzake wakamwita Mkaa. Alimwahidi mama yake kwamba mshahara wa kwanza tu, mama hataingia tena shambani. "Mshahara wa kwanza ulikuja, na wa mia ukaja. Bado anachuma. Nikinywa chai namwona yuko kwenye mvua."

Jamani. Na mimi nilikuwa natafuta mwanamke kwenye simu!

Jioni ile ile tukaenda kwa mama bila taarifa. Tulimkuta anarudi shambani, kapu mgongoni. Nikapiga goti, "Shikamoo mama." Akaitikia, akacheka, akamshika mwanawe mikono, akaigeuza kama anatafuta kitu. Mume wangu akaomba radhi ya ile ahadi. Mama akasema, "Nani alikwambia nataka kutoka? Chai hii ndiyo iliyokusomesha. Mimi nilikuwa nataka uje."

Akatuonyesha kitu ambacho hakuna kiwanda kitakuonyesha. Majani aliyoyaacha yanyauke tangu jana aliyatwanga kwenye kinu, akayatandaza kwenye ungo. Tukakaa kuyaangalia yakigeuka kutoka kijani kuwa rangi ya shaba, harufu ikawa kama ya matunda. Kisha akayakausha kwenye sufuria moto mdogo. Alisema siku zote wao huuza majani mabichi, halafu chai ya kunywa wananunua dukani kwenye pakiti!

Mume wangu alikunywa nusu kikombe. Nusu tu, sitawadanganya. Ila siku hizi kila Jumapili jioni anapiga simu Tukuyu, na meseji zinajibiwa.

Kwa wapenzi mnaotaka kwenda, haya ndiyo niliyojifunza:

Nendeni wakati wa mvua, kati ya Desemba na Mei, ndipo uchumaji unapopamba moto. Bebeni buti na sweta. Kiwanda ni sehemu ya kazi, ombeni ruhusa mapema. Mchumaji analipwa kwa kilo, kwa hiyo ukimsimamisha kwa picha unamla muda wake: muulize kwanza, na usiondoke mikono mitupu. Mnapoonja, anzeni bila maziwa wala sukari, na vuteni kwa kelele kama waonjaji wa kiwandani. Hewa ndiyo inayosambaza ladha mdomoni. Mkibaki na siku, kuna Daraja la Mungu kwenye Mto Kiwira na Ziwa Ngosi.

Na wewe shosti unayepekua simu usiku: kuna mambo ambayo hayamo kwenye simu. Muulize mwenzio alikotoka, na akikawia kujibu, nenda naye.

Tukutane mwezi ujao.