BARAFU SI DAKTARI

Mhariri, naomba nafasi katika jarida letu nizungumze na wachezaji wenzangu, na kwa heshima zote, na walimu wetu wa michezo.

Muhula wa michezo ukifika, mabweni hujaa vilio. Mtu aliyekimbia mbio za nyika jana, leo anashuka ngazi ubavuubavu kama kaa. Ukimwuliza, "Kwani una nini?" atakujibu, "Ni asidi, mazee!" Kisha huyoo, mbio bafuni na ndoo ya maji baridi.

Kwanza tuelewane. Maumivu hayo hayaletwi na asidi ya laktiki, kwani hiyo huondoka saa moja hivi baada ya mazoezi. Yanayotuuma kesho yake ni nyuzi za misuli zilizoumia kidogo kidogo kwa kazi ambazo hazikuizoea, hasa kukimbia mteremko. Ndiyo maana uchungu huzidi kati ya siku ya kwanza na ya tatu, kisha ukaisha wenyewe.

Je, maji baridi yanasaidia? Naam, yanasaidia. Mwaka 2012 wataalamu wa Cochrane walichapisha uchambuzi wa majaribio 17 yenye watu 366. Waliojitumbukiza katika maji baridi baada ya mazoezi walisikia uchungu mdogo kuliko waliopumzika tu. Wala hapahitajiki mtambo wowote. Miguu ikae dakika 10 hivi ndani ya pipa la maji ya nyuzi 10 hadi 15, basi. Kwa timu yenye mechi leo na nyingine kesho, hiyo ni nafuu kubwa.

Hata hivyo, nyinyi mnaoinua vyuma ili mtunishe misuli, pipa hilo si lenu. Utafiti wa Australia wa mwaka 2015 uliwafuata wanaume 21 kwa majuma 12. Waliokaa katika maji baridi kila baada ya kuinua vyuma waliongeza misuli na nguvu kidogo kuliko wenzao.

Sasa nije kwenye jambo linaloniudhi. Nimemwona mwenzetu akiteguka kifundo cha mguu kipindi cha kwanza. Aliwekewa barafu dakika tano, akaulizwa, "Bado unauma?" Akasema hapana, akarudishwa uwanjani. Jamani, utauma vipi na umekufa ganzi? Alimaliza muhula akitembelea magongo, na sisi tuliokuwa pembeni tulimpigia makofi ati ni shujaa.

Barafu hupoza uchungu, lakini haiungi kano. Daktari Gabe Mirkin wa Marekani, ambaye mwaka 1978 aliwafundisha wanamichezo kupumzika na kuweka barafu wanapoumia, aliandika mwaka 2014 kwamba barafu yaweza hata kuchelewesha kupona. Ikiwa mwalimu mwenyewe amelegeza kamba, sisi tunang'ang'ania nini? Na hata katika somo lake la kwanza, kupumzika kulikuwamo. Sisi tulishika barafu, tukaacha kupumzika.

Kwa maoni yangu, shule yetu iweke kanuni moja rahisi: mchezaji akiumia hata akahitaji barafu, mechi yake imekwisha siku hiyo. Barafu ifungwe kwa kitambaa, isizidi dakika 20, na mguu ukivimba au usipoweza kukanyaga, apelekwe hospitali. Asingoje hadi Jumatatu.

Najua wako watakaosema, "Tutafungwa!" Tufungwe basi. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, nasi tumekuwa hodari wa kuyaficha kwa barafu. Nyinyi wachezaji wenzangu, mkiulizwa kama mnasikia uchungu, semeni kweli. Kombe litashindaniwa tena mwaka ujao, lakini mguu ni huo huo uliozaliwa nao.