Wati za kwenye boksi zinavyowatia hasara wauza spika za magari

Mfanyabiashara anayenunua spika za magari za China pale Kariakoo na kuvuka nazo Namanga hana nafasi ya kukosea. Mteja wa Arusha atarudisha spika dukani kesho yake. Wa ng'ambo ya mpaka akiikataa, hasara ni yako pamoja na nauli na ushuru.

Na kosa huanzia kwenye boksi. Seti ya wufa mbili, twita mbili na krosova huandikwa wati 300, 400, hata 600, na wengi wetu tunanunua na kuuza kwa namba hiyo. Lakini hiyo ni nguvu ya kilele, ya kufumba na kufumbua. Nguvu ambayo spika huistahimili muda wote ni ile yenye herufi RMS, nayo ni ndogo kuliko hiyo mara kadhaa. Redio ya gari yenyewe, hata iliyoandikwa 50x4, hutoa takriban wati 15 hadi 22 kwa kila spika. Mteja asiye na amplifaya analipia wati asizoweza kuzitumia.

Kwa mteja huyo, namba ya kutazama ni ya desibeli. Spika ya dB 91 hupiga kwa wati 10 sauti ambayo ile ya dB 88 huhitaji wati 20. Pia fungua boksi kabla ya kulipa: baadhi ya seti hazina krosova kamili bali kapasita moja tu kwenye waya wa twita.

Kuna pia spika nzima inayoitwa mbovu kwa sababu ya fundi. Waya za upande mmoja zikigeuzwa, besi hupotea. Kipimo ni betri ya volti 1.5: chanya kwa chanya, koni isukumwe nje. Matundu ya mlangoni yazibwe. Masafa ya chini ya hezi 80 yakatwe kwenye redio, na twita ikichoma masikio ishushwe desibeli 3. Kazi hii haimalizi saa moja, lakini ndiyo inayouza seti ya pili.

Wenye malori wana lao. Lori ni volti 24, redio ni volti 12. Fundi wa njia ya mkato huchukua umeme kwenye betri moja kati ya mbili. Betri hiyo hudhoofika huku mwenzake akichajiwa kupita kiasi, na baadaye unanunua zote mbili. Kifaa cha kushusha volti ni nafuu kuliko betri.

Sasa mpakani. Tangu Umoja wa Forodha wa Afrika Mashariki uanze mwaka 2005, wapo wanaoamini kwamba mzigo mdogo hupita bure. Cheti rahisi cha uasili, cha mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Risiti ya Kariakoo haiigeuzi spika ya China kuwa ya Tanzania. Ushuru uingie kwenye hesabu ya bei kabla hujapakia.