MSHAHARA WA MAMA MZAZI UNAPUNGUA WAPI?



Waajiri wa mashamba ya chai hapa Uganda wana jibu moja kila tunapoleta mezani habari ya mishahara ya akina mama. Husema: "Bei ya kilo ni moja. Mzani haujui mwanamke wala mwanamume." Jibu hilo ni la kweli, na ndiyo sababu wajumbe wetu wengi wakilisikia hunyamaza. Hata hivyo, siku ya malipo mama mwenye mtoto mchanga hupokea pungufu kuliko mwenzake wa mstari wa jirani. Yafaa tuutafute upungufu huo unatokea wapi.

Tufanye hesabu. Tuseme wapo wachumaji wawili, wote hodari, kila mmoja huchuma kilo 40 kwa siku. Mmoja wao amejifungua. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa likizo ya uzazi ya siku 60 za kazi kwa mshahara kamili. Kwa juma la siku sita, hayo ni majuma 10. Hata akizitumia siku zote baada ya kujifungua, anarudi shambani mtoto ana miezi miwili na kidogo, na wakunga wamekwisha kumwambia kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake mpaka miezi sita. Basi kila siku huacha mstari, huenda kambini kunyonyesha, kisha hurudi. Tuseme anapoteza kilo 6 tu kwa siku. Katika majuma 16 yaliyobaki kufikia miezi sita, amepoteza kilo 576. Hizo ni zaidi ya siku 14 za kazi, na wala hakuna karani aliyemkata hata senti moja. Mzani umemkata.

Pale penye bonasi ya kutokosa kazini, nayo imekwenda. Mtoto akishikwa na homa, ni mama anayekwenda naye zahanati. Baba hubaki kwenye mstari na kilo zake ziko salama.

Liko pia neno hilo la "mshahara kamili". Mshahara kamili wa mtu anayelipwa kwa kilo ni upi? Ukihesabiwa kwa wastani wa kilo alizochuma miezi iliyotangulia, sawa. Ukihesabiwa kwa kiwango cha chini kabisa, mama amepunjwa tangu siku ya kwanza ya likizo. Na tukumbuke kwamba katika nchi yetu chini ya kilo hakuna sakafu: kima cha chini cha shilingi 6,000 kwa mwezi kiliwekwa mwaka 1984, na muswada wa kima kipya uliopitishwa na Bunge mwaka 2019 Rais alikataa kuutia saini.

Hao niliowataja ni wenye nafuu, maana wana ajira ya kudumu. Vibarua wana taabu zaidi. Kanuni za Ajira za mwaka 2011 zinasema kibarua akifanya kazi miezi minne mfululizo si kibarua tena, apewe mkataba wa maandishi. Wako waajiri wanaowasimamisha watu kabla miezi hiyo haijatimia, kisha huwaita upya. Mwanamke mwenye mimba haitwi. Sheria inakataza kumfukuza mtu kwa sababu ya mimba, lakini huyu hakufukuzwa, hakuitwa tu. Akija mwaka unaofuata huandikwa kama mgeni, hata kama amechuma kitalu kile kile miaka minane.

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu hawatalipenda. Si kila mwajiri afanyaye hivyo ana roho mbaya. Sheria yenyewe imemtia kishawishi, kwa kuwa mzigo wote wa malipo ya likizo ya uzazi imemtwika mwajiri mmoja mmoja. Kwa baba aliyepata mtoto hulipa siku 4, kwa mama siku 60. Mwenye kuajiri wanawake wengi hulipa sana, na mwenye kuwakwepa hulipa kidogo. Mfuko wetu wa NSSF hupokea asilimia 5 kwa mfanyakazi na 10 kwa mwajiri, lakini katika mafao yake hakuna fungu la uzazi.

Jirani zetu wameona njia nyingine. Rwanda ilitunga sheria mwaka 2016 ya kuanzisha mfuko wa uzazi. Mfanyakazi huchangia asilimia 0.3 ya mshahara na mwajiri kiasi hicho hicho. Katika kila faranga 1,000, ni faranga 3 na 3. Wanaume wanachangia, na wasio na watoto wanachangia. Majuma sita ya kwanza hulipa mwajiri, yanayofuata hulipwa na mfuko. Tanzania nayo, NSSF yake ina fao la uzazi. Mkataba namba 183 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unafuata njia hiyo hiyo: malipo ya uzazi yatoke katika bima ya jamii au fedha za umma, yasimwelemee mwajiri peke yake.

Mfuko ni kazi ya Bunge, na itachukua muda. Mkataba wetu wa pamoja ni kazi yetu wenyewe. Saa ya kunyonyesha iingizwe humo na ilipwe kwa wastani wa kilo za mama, malipo ya likizo yahesabiwe hivyo hivyo, na jina la kibarua aliyekwenda kujifungua libaki katika orodha ya kuitwa. Wako wanaume wenzetu wasemao haya yapelekwe kamati ya akina mama. Kamati ya akina mama haiketi mezani na mwajiri. Wanaoketi ni wao.

Kila mama aliyejifungua mwaka huu au uliopita ampelekee katibu wa tawi karatasi zake za mshahara, za miezi mitatu kabla ya likizo na mitatu baada ya kurudi. Aliyezipoteza aombe nakala kwa karani wa malipo, akiwa na shahidi. Tunazihitaji kabla mazungumzo hayajaanza.