Deni la siri lilivyotaka kuondoka na friji

Hodi ilipigwa saa moja asubuhi, siku ya Jumapili, katika nyumba ya vyumba viwili Mbagala, Dar es Salaam. Mume alipofungua mlango alimkuta dada mwenye daftari mkononi, na nyuma yake kijana mwenye mkokoteni.

"Shemeji, mimi sina ugomvi na wewe," alisema yule dada. "Nimefuata marejesho ya Ijumaa na Jumamosi. Kama hayapo, friji linatangulia ofisini."

Mume hakujua kama kuna marejesho. Friji lile ndilo mkewe anagandishia barafu na juisi za kuwauzia wanafunzi, na linaingiza faida ya karibu Sh5,000 kwa siku. Bahati mshahara wake wa ukarani wa ghala ulikuwa umetoka Ijumaa. Akatoa Sh18,000 za siku mbili, mkokoteni ukaondoka mtupu.

Ndani, mke alieleza huku ameinamisha kichwa. Shule zilipofunguliwa, sare na viatu vya watoto watatu vilimzidi, akakopa Sh200,000 kwa wale wanaoitwa "kausha damu". Mkononi alipewa Sh180,000, nyingine Sh20,000 zikakatwa kwa jina la fomu. Alitakiwa kurudisha Sh9,000 kila siku kwa siku 30, yaani Sh270,000. Faida ya barafu haikutosha, ikabidi achote kwenye hela ya chakula na kukopa dukani.

"Baba watoto, niliogopa utasema nimefuja," alisema.

Mume alikaa kimya muda mrefu. Kisha akatoa simu yake mfukoni na kumwonyesha mkewe ujumbe. Naye alikuwa na mkopo wa simu wa Sh60,000, aliouchukua ili kuchangia harusi ya mwenzake wa kazini. Muda wa kulipa ulikuwa umeshapita.

Siku hiyo walichukua daftari la mtoto na kuandika kila deni bila kuficha: kausha damu Sh72,000, mkopo wa simu Sh60,000, duka la Mangi Sh85,000, kikundi cha VICOBA Sh240,000 na kaka wa mume Sh100,000. Jumla Sh557,000. Ilitisha, lakini kwa mara ya kwanza wote wawili walikuwa wanaiogopa namba moja.

Kosa la nyumba nyingi ni kuanza na anayepiga kelele zaidi, au kumgawia kila mdai kidogo kidogo. Deni linalotangulia ni lile linalokua haraka na lililoshika kitu kinachoiingizia familia kipato. Hapa lilikuwa kausha damu, likifuatiwa na mkopo wa simu. Mangi na kaka hawatozi riba, lakini waliendewa siku hiyohiyo na kuambiwa ukweli na tarehe. VICOBA waliamua iendelee na rejesho lake la kawaida la Sh40,000 kwa mwezi.

Fedha zingetoka wapi? Waliandika matumizi ya kila siku, yale ambayo kwa kuwa ni madogo hayahesabiwi na mtu.

Mafuta ya kupikia ya kupima, Sh1,000 kila siku, yalikuwa yanafika Sh30,000 kwa mwezi. Walinunua lita tatu kwa Sh18,000 siku za mshahara, wakaokoa Sh12,000. Maharage yalianza kulowekwa usiku na kuchemshwa ya siku mbili kwa pamoja, sufuria likiwa limefunikwa. Mkaa ukashuka kutoka Sh2,000 kwa siku hadi Sh1,500, wakaokoa Sh15,000. Chapati na maandazi ya kununua vilibadilishwa na uji, viazi na mihogo ya kuchemsha nyumbani, wakaokoa Sh30,000.

Mume aliacha kula kwa mama lishe na kuanza kubeba hotpoti. Wenzake walimtania wiki ya kwanza, ya pili wakazoea. Hapo walipata Sh40,000, baada ya kutoa gharama ya chakula chenyewe. Bando la kila siku la Sh1,000 likawa la mwezi la Sh15,000. Asubuhi akatembea dakika 20 hadi kituoni badala ya kupanda bodaboda, zikapatikana Sh26,000.

Jumla ya vitu hivyo sita ni Sh138,000 kwa mwezi. Hakuna aliyelala njaa. Na walikubaliana mapema vitu ambavyo havitaguswa: dawa, maziwa ya mtoto mdogo na chakula cha watoto shuleni. Kubana matumizi kwa kumnyima mtoto huishia hospitali, na hospitali huanzisha deni jipya.

Katika siku nane, faida ya barafu ilileta Sh40,000 na matumizi yaliyobanwa yakaleta karibu Sh37,000. Kausha damu akalipwa, friji likapona. Kabla ya mwezi kwisha walifidia zile Sh18,000 zilizochotwa kwenye mshahara, wakamaliza mkopo wa simu na kupunguza kwa Mangi.

Mwezi wa pili mtoto wa kati alishikwa na malaria. Vipimo, dawa na nauli vilikula Sh45,000. Mke alitaka kurudi kukopa, mume akasema, "Tusikope, tumwambie kaka atusubiri." Kaka alisubiri. Mangi alimalizwa mwezi huohuo, kaka akamaliziwa mwezi wa tatu, na salio likapelekwa VICOBA. Mwezi wa nne kikundi nacho kilikuwa hakidai.

Kuna jambo wangeweza kulijua mapema. Kwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni, na Benki Kuu ya Tanzania imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi kwa wakopeshaji wasiopokea amana. Kwa mkopo wa Sh200,000, hiyo ni Sh7,000 kwa mwezi. Mke alilipa Sh90,000 zaidi ya alichopokea. Kabla ya kusaini, mkopaji ana haki ya kuona leseni, kupewa mkataba anaouelewa na kuuliza swali moja: nitapokea kiasi gani mkononi, na nitarudisha kiasi gani jumla? Mkopeshaji anayekwepa swali hilo ameshajibu.

Vilevile, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Hauji haraka kama wa mlangoni, lakini haumfuati mtu na mkokoteni. Maelezo yake huanzia kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata.

Zile Sh138,000 hazikurudi zote kwenye bando na bodaboda. Chapati zimerudi, lakini za Jumapili tu. Sehemu kubwa inakwenda kwenye hisa za VICOBA, kwa ajili ya sare na viatu vya Januari ijayo.

Wiki chache zilizopita yule dada wa daftari alirudi, safari hii akiwa peke yake na mwenye tabasamu. "Mama, wewe ni mteja mzuri. Sasa unaweza kupata hata laki tatu."

"Ngoja baba watoto arudi, tulizungumze," mke alijibu, akaendelea kufunga barafu zake.