Kwenye benchi ya radio, tunangoja nini?

Wengi wetu tumekalia benchi hiyo. Mgonjwa anafika saa moja asubuhi, anapigwa picha saa saba, jibu analipata kesho yake. Tukiuliza, tunaambiwa mashine ni moja. Basi kamati za hospitali zetu zinaandika barua kuomba ya pili.

Lakini picha ya kifua yenyewe haifikishi dakika kumi. Saa zinapotelea njiani: kwa daktari, kwa keshia, kurudi na risiti, kisha kungoja mtu wa kusoma picha, naye mara nyingi yuko kwenye upasuaji. Umeme ukikatika, wote wanangoja jenereta. Na Goma, tangu mji uchukuliwe na M23 Januari 2025, benki zilifungwa. Familia inazunguka kutafuta pa kutolea feza za simu huku mgonjwa amelala kwenye korido.

Ekografi inaonyesha jambo hili vizuri zaidi. Wa kupimwa ini anaambiwa asile tangu usiku. Mama mwenye mimba changa anaambiwa anywe maji mengi, asiende haja ndogo. Wote wanaitwa saa moja, mstari mmoja. Ikifika saa tano yule wa kwanza amezidiwa na njaa, amekula mkate. Huyu wa pili amekwenda choo. Wanaambiwa warudi kesho, na kesho ina mstari wake. Kuwapa saa tofauti, waliofunga kula wakitangulia, kunaomba daftari na kalamu tu.

Kuna sababu nyingine, na hapa ninajisema mwenyewe. Nilimsindikiza mama mkwe kupigwa radio ya goti. Fundi akanitambua: “Pasta, ingieni.” Tukaingia. Mama mmoja mwenye mtoto aliyevunjika mkono, aliyefika mbele yetu, alibaki akitutazama. Aliyevunjika, aliyepigwa risasi, anayetokwa damu, hao ndio wa kupitishwa mbele. Goti la mama mkwe lilikuwa na miaka sita likiuma.

Sisi wachungaji tunakaa katika mabaraza ya hospitali hizo, na kila kikao tunauliza feza zilizoingia. Mimi nitaomba kitu kingine: kwa juma moja, fishi ya kila mgonjwa iandikwe saa aliyofika na saa aliyopewa jibu. Na jina la aliyemruka mtu kwenye mstari liandikwe pia, hata likiwa langu.