Msimuue Ng'ombe Mara ya Pili

Vijana wenzangu mnaoandika, leo nina ugomvi nanyi. Katika miswada tunayosomeana, kila shujaa wa riwaya ya mjini anavaa koti la ngozi. Jambazi analo, mpelelezi analo, hata mwizi wa kuku analo. Lakini mtazame mwandishi mwenyewe alivyokaa: mkanda umepasukapasuka kama ardhi ya Dodoma mwezi wa kumi, viatu vimekunja pua. Nasema waziwazi, hatujui kutunza ngozi, na jeuri yetu ndiyo inayotuzuia kujifunza.

Wapo wanaojibu, "Aa, ya nini kuhangaika? Kikichakaa naenda Karume nachukua kingine." Hoja hiyo naipinga. Kiatu cha mtumba kilivaliwa na mtu Ulaya, kikapanda meli, kikafika hapa bado kina nguvu. Wewe unakimaliza kwa masika moja, halafu unasema mtumba hauna maana! Mbovu ni nani hapo?

Tuelewane kwanza ngozi ni kitu gani. Ni nyuzinyuzi zilizosukana, na kati yake mna mafuta yanayoziwezesha kuteleza unapokunja mguu. Mafuta yakiisha nyuzi zinasagana na kukatika. Ndio ule mpasuko. Sasa bwana mkubwa kanyeshewa Kariakoo, karudi geto, viatu kaviweka kando ya jiko la mkaa. Ngozi inasinyaa, inakakamaa, na hakuna kiwi itakayoirudisha. Kiatu kilicholowa hujazwa magazeti, kikawekwa kivulini penye upepo, hata kama ni siku mbili. Magazeti yakilowa, badilisha.

Mwingine anafua koti kwa sabuni ya unga. Jamani! Sabuni ile kazi yake ni kung'oa mafuta. Ondoa vumbi kwa brashi, pitisha kitambaa chenye unyevu kilichokamuliwa vizuri, acha likauke, ndipo upake dawa ya ngozi kidogo kidogo. Mafuta ya kupikia usiyaguse, yanachacha na kunuka. Swedi nayo haitaki kiwi kabisa, inataka brashi kavu.

Sisi wa Pwani tuna adui wa ziada, ukungu. Koti ukilifungia kwenye mfuko wa plastiki, linaota kuvu humo humo. Litundike kwenye henga pana, lifunike kwa shuka kuukuu, lipate hewa.

Na msiniambie haya ni mambo ya Wazungu. Nchi hii ni ya wafugaji tangu enzi za mababu. Njombe kuna mashamba ya miwati, na magome yake yanatoa dawa ya kutengenezea ngozi. Morogoro kilijengwa kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikusudiwa kuuza sehemu kubwa ya viatu vyake Ulaya. Kikafia njiani, kikafungwa mwaka 1990. Hasara ile waliifanya wakubwa. Hii ya miguuni mwetu tunaifanya wenyewe. Ng'ombe keshachinjwa mara moja, kwa nini tumuue tena?

Mtasema umaskini. Mimi tangu nimalize kidato cha nne sijapata kazi ya kueleweka. Viatu ninavyo jozi mbili, vyote vya mtumba, navivaa kwa zamu ili kimoja kikauke jasho wakati kingine kiko barabarani. Soli ikianza kuachia, nampelekea fundi pale pale, singoji ibweke kama mbwa. Maskini ndiye hasa asiyeweza kununua kitu kilekile mara mbili. Tajiri aache kutunza akipenda, yeye anazo.

Kwa hiyo, ndugu mwandishi, kabla hujamvalisha shujaa wako koti la ngozi, jiulize usiku analitundika wapi, na mvua ikimnyeshea anafanyaje. Ukikosa jibu, mvalishe fulana.